Siku ya Tisini na Moja

Hadi Januari 2025, mkimbizi wa Kikongo alipotua Louisville, Lansing au Des Moines, siku zake zilianza kuhesabiwa. Serikali ya Marekani iliingia mkataba na mashirika yaliyopokea wakimbizi, na mkataba huo haukuacha kitu: nani awapokee uwanja wa ndege, nyumba iwe na nini, watoto waandikishwe shule ndani ya muda gani, daktari awaone lini. Huduma hiyo ilidumu siku 90. Zilipoisha, afisa aliyekuwa anashika faili lao alihamia kwa familia nyingine iliyoshuka jana usiku.

Sura hii naiandikia Mswahili wa ughaibuni, awe Mtanzania, Mkenya, Mrundi au Mkongo aliyetangulia, ambaye amepata jirani mpya kutoka kambi ya Nyarugusu, Kakuma au Nakivale na anataka kumsaidia ila hajui ashike wapi. Kazi ya ukalimani imenifundisha jambo moja ninalomwambia kila anayeniuliza: zile siku tisini zina wenyewe. Wewe jiandae kwa siku ya tisini na moja.

Sisemi hivyo kuzibeza siku tisini. Kabla ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, kila kundi la wakimbizi lilipokelewa Marekani kwa mpango wake wa dharura. Sheria ile ikaleta utaratibu mmoja, na masharti yaliyotokana nayo yameandikwa kwa uangalifu ninaouheshimu. Kila mtu awe na kitanda, isipokuwa mke na mume, au watoto wadogo wa jinsia moja. Kila mtu awe na sahani yake, bakuli lake, kikombe chake, uma, kisu na kijiko. Siku wanayofika wakute chakula kilichokwisha kupikwa, tena chakula wanachokijua. Kesho yake mtu afike nyumbani kuona wameamkaje na kama wanajua kuwasha jiko na kupiga simu ya dharura. Aliyepanga orodha ile alitambua kwamba mama aliyesafiri siku mbili na watoto sita hapaswi kuanza maisha kwa kuazima vijiko.

Katika siku hizo za mwanzo kuna mahali pamoja ambapo Mswahili anahitajika kweli, nako ni jikoni. Unga wa mahindi unaojaa kwenye maduka makubwa ya Marekani ni wa njano na wa chengachenga. Unga mweupe wa Kimexico unaoitwa masa unaonekana kama ndio wenyewe, lakini mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, kwa hiyo ugali wake una harufu nyingine na hauliki kwa aliyezoea ugali wa Kigoma. Waumini wa kanisa lililojitolea kupokea familia hawawezi kulijua hilo. Wewe unalijua. Nenda duka la Waafrika ukanunue unga, sombe (kisamvu) ya barafuni na ndakala (dagaa), uviweke ndani, na kesho yake umwache mama wa nyumba asonge mwenyewe. Mtu aliyepikiwa na kuhudumiwa njia nzima anahitaji kushika mwiko.

Sasa, ni watu gani hawa? Wengi wa Wakongo walioingia Marekani tangu miaka ya 2010 ni watoto wa vita ya 1996 na ile iliyofuata mwaka 1998. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa Novemba 1996 kupokea watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu Kusini, pande za Uvira, Baraka na Fizi. Aliyezaliwa kambini mwaka uliofuata alisoma humo, akaoa humo, akapata watoto humo, na huenda hajawahi kulala nje ya kambi hata usiku mmoja kabla ya basi la Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, kumchukua. Wengine wametoka Gihembe nchini Rwanda, kambi iliyofungwa mwaka 2021, au Kyangwali na Nakivale nchini Uganda. Wamo Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini, walionusurika Gatumba, Burundi, usiku wa Agosti 13, 2004, ambako watu zaidi ya 150 waliuawa katika kambi ya muda. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yao walikuwa Wakongo, kundi kubwa kuliko yote.

Kama wewe ni Mtanzania, kaa na hili kabla hujagonga mlango wao. Kwa sheria ya Tanzania mkimbizi hatakiwi kutoka zaidi ya kilometa nne kutoka kambini bila kibali. Waliokutwa nje wakienda kulima vibarua au kutafuta kuni walikamatwa. Masoko ya pamoja, ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana mihogo na vitambaa, yalifungwa, na watu walioishi kwa biashara ndogo wakarudi kungoja mgao. Kiswahili chako kizuri cha Dar es Salaam kinaweza kumkumbusha jirani yako sauti ya askari wa getini. Hakulaumu wewe. Lakini atachukua muda kukueleza shida zake, na wewe ukimharakisha kwa kujiona umeshamfungulia mlango wa lugha, atakujibu "tuko salama, asante" mwaka mzima. Kiswahili chake nacho ni cha Kongo, kina sarufi yake na Kifaransa chake. Usimsahihishe.

Turudi kwenye siku ya tisini na moja, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kambini habari humfikia mtu kwa kuona na kusikia. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watu hutembea kwenda kuutazama asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Siku ya mgao inatangazwa kwa kipaza sauti. Kiongozi wa mtaa anapita nyumba kwa nyumba. Ukikosa, jirani atakwambia. Marekani humwita mtu kwa barua. Barua inaingia kwenye kisanduku cha chuma chenye namba yake, inakaa humo, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani yake inapita bila mtu kupiga kelele.

Nilikaa mara moja na baba mmoja wa Kibembe kwenye meza ya jikoni kwake, mwezi wa saba tangu afike. Aliingia chumbani akarudi na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya IOM, mfuko ambao kila mkimbizi wa Marekani anaujua kwa sababu aliubeba kifuani kutoka Afrika hadi kwa afisa wa uhamiaji. Akaukung'uta mezani. Zilianguka bahasha kadiri ya mikono miwili, zote zimefungwa.

"Zote ziko humu," akaniambia. "Hakuna hata moja nimefungua."

Alilisema kwa fahari, na haki alikuwa nayo. Siku ya kuondoka aliambiwa na kukaririshwa kwamba bahasha za serikali zilizomo katika mfuko ule hazifunguliwi. Anayezifungua atakwama njiani, pengine arudishwe. Alitii mpaka akafika. Barua nyingine zilipoanza kuja, zenye nembo za serikali, zenye jina lake limechapwa, alizihifadhi kwa adabu ileile akingoja afisa atakayeziomba.

"Umefanya vizuri kuzitunza, baba," nikamjibu. "Sasa tuzifungue pamoja."

Tuliziweka mafungu. Fungu kubwa lilikuwa matangazo: pizza, matairi, mikopo ya magari, kadi za benki zinazosema umeshakubaliwa. Hayo yote aliyatunza kwa heshima ileile. Fungu la pili lilitoka shuleni kwa watoto. La tatu lilikuwa dogo kuliko yote, bahasha tano, na ndilo lililokuwa na maisha yake. Tatu zilitoka ofisi ya jimbo inayosimamia Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Ya kwanza ilimtaka athibitishe kipato chake. Ya pili ilimkumbusha. Ya tatu ilimwarifu kwamba bima imekatwa tangu mwisho wa mwezi uliopita. Ana binti mwenye selimundu anayetumia dawa kila siku, na dukani walikuwa wameshamwambia mama mtoto kwamba kadi haifanyi kazi. Walidhani dawa zimeisha.

Hilo lilitengenezeka. Kwa kanuni za shirikisho, familia iliyokatwa kwa kutorudisha fomu ina siku 90 za kuirudisha bila kuanza ombi upya, na tuliikuta bado iko ndani ya muda. Lakini wangapi hukuta muda umeshapita? Kuanzia Aprili 2023, majimbo yaliporuhusiwa tena kuwaondoa watu kwenye Medicaid baada ya miaka ya Uviko, zaidi ya watu milioni 20 waliondolewa nchi nzima, na wengi wao waliondolewa kwa sababu ya makaratasi, hata kabla hajapatikana mtu wa kuamua kama kipato chao kimezidi. Wenyeji waliozaliwa na Kiingereza chao walipotea hapo. Mgeni wa miezi saba afanyeje?

Bahasha ya nne ilikuwa ya deni la tiketi. Wengi wanaosaidia wakimbizi hushangaa kusikia kwamba ndege haikuwa ya bure. IOM hulipia safari kama mkopo usio na riba, na kila mtu mzima husaini hati ya kuulipa kabla ya kuondoka. Kwa familia ya watu wanane deni hufika maelfu ya dola. Malipo huanza karibu miezi sita baada ya kufika, yaani wakati msaada wa mwanzo umeshakwisha na mshahara wa kwanza haujatulia. Familia nyingi husaini zikiwa na furaha na hofu ya safari, na zinakumbuka saini hiyo pale bili inapofika. Msaidie jirani yako apige simu mapema, hata kabla ya bili ya kwanza, aombe kiasi cha mwezi anachokiweza. Hukubaliwa. Na mlipaji anayelipa kwa wakati anajijengea rekodi ya mikopo ambayo siku moja itampa nyumba, jambo ambalo watu wachache humweleza.

Ya tano niliishika kwa muda kabla ya kuifungua, kwa sababu ilitoka uhamiaji. Ilikuwa taarifa ya kawaida tu. Lakini kuhusu uhamiaji kuna tarehe ambazo kila msaidizi azijue kichwani. Mkimbizi akitimiza mwaka mmoja nchini anatakiwa aombe kadi ya kijani, na wakimbizi hawatozwi ada ya ombi hilo. Akihama nyumba, hata kuvuka barabara tu, ana siku 10 za kuwaarifu uhamiaji anwani mpya. Posta haiwaarifu kwa niaba yake. Kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 anapaswa kujiandikisha katika daftari la Selective Service, la wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30 tangu afike, na asiyefanya hivyo huulizwa siku anapoomba uraia. Na aliyeacha mke, mume au mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa na hajafikisha miaka 21, ana miaka miwili tangu kufika kwake kuwaombea wamfuate.

Hiyo miaka miwili inaniuma kila ninapoitaja. Kambini watu huishi katika ndoa ambazo hazikuingia kwenye faili: mume alikuwa ameshahesabiwa na wazazi wake kabla hajaoa, akaogopa kuongeza jina mchakato usije ukarudi nyuma, akaondoka akiamini atamwita mkewe baadaye. Akifika, anaona aibu kumwambia afisa kwamba alificha. Siku tisini zinapita, mwaka unapita. Anapompata mtu wa kumweleza, mlango umebaki wazi nusu au umefungwa kabisa. Kwa hiyo nikimfahamu mgeni vya kutosha, nikiwa naye peke yake, namuuliza: kuna mtu umemwacha? Kisha namtafutia wakili wa uhamiaji anayetoa huduma bila malipo, wala simshauri mwenyewe. Makosa katika faili la uhamiaji yanahitaji mwanasheria, na msaidizi mwenye moyo mwema anaweza kumharibia mtu kwa fomu moja.

Nikisema umsaidie barua, simaanishi uzisome ukazijibu wewe. Njia inayofaa ni kukaa naye kila wiki kwa siku ileile, nyuma ya mlango uliofungwa, yeye mwenyewe akizipasua. Mfundishe kuitambua nembo ya jimbo lake na ya uhamiaji. Mwonyeshe tarehe ya mwisho inakaa sehemu gani ya karatasi na uiandike kwenye kalenda ya ukutani kwa tarakimu, kwani hata asiyesoma Kiingereza anasoma tarakimu. Simu akapige yeye, wewe ukiwa pembeni. Anachohitaji kusema ni "Swahili interpreter, please," akangoja. Hospitali na ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kumpatia mkalimani bila malipo. Nimeona wahudumu wa mapokezi wakisema hawana mkalimani au mgonjwa aje na mtu wake. Mgonjwa anayejua kwamba hiyo ni haki yake hupata mkalimani kwenye simu baada ya dakika chache. Asiyejua huenda nyumbani.

Na mtu wake huyo mara nyingi ni mtoto. Hapa sina mzaha: mtoto asikalimani. Watoto hushika Kiingereza ndani ya mwaka, wazazi wakiwa bado wanahangaika na salamu, na familia nzima huanza kupita katika mdomo wa mtoto wa miaka kumi na mbili. Ndiye anayemwambia mama kwamba uvimbe wa tumboni unahitaji vipimo zaidi. Ndiye anayezungumza na mwenye nyumba aliyekasirikia kodi. Akiitwa shuleni kwa kupigana, ndiye anayekaa kati ya mwalimu na baba yake na kutafsiri anachotaka kitafsiriwe. Baba anatoka pale akiwa ameambiwa mwanawe anafanya vizuri.

Wazazi wa Kikongo wanalisema jambo hili kwa uchungu kuliko yote: kwamba Marekani imewanyang'anya watoto. Katika mafunzo ya kabla ya safari waliambiwa kwamba huku mtoto hachapwi, na kwamba serikali inaweza kumchukua. Walilolisikia ni kwamba hawana tena mamlaka. Wapo walioacha kusema lolote kwa kijana anayerudi usiku wa manane kwa kuogopa kwamba atapiga 911. Kumwambia mzazi asichoruhusiwa bila kumpa anachoruhusiwa ni kumwacha mikono mitupu. Mwonyeshe kwamba ana haki ya kuomba kikao na mwalimu, kukiwa na mkalimani mtu mzima. Mfungulie kwenye simu yake ile programu ya shule inayoonyesha alama na mahudhurio, umfundishe rangi zake. Mzazi anayejua kwamba Jumanne mtoto hakuingia darasani, na akamuuliza kuhusu Jumanne, amerudi kwenye kiti chake. Naamini hili kuliko semina yoyote ya malezi niliyowahi kutafsiri.

Ulinzi wa watoto una upande mwingine pia, wa mwilini kabisa. Mwaka 2000 huko Manchester, New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alikufa kwa sumu ya madini ya risasi aliyoipata katika nyumba waliyopangishwa. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 mara nyingi zina rangi yenye madini hayo, na ndizo nyumba za kodi nafuu ambazo wakimbizi huwekwa. Mtoto hula ule unga unaodondoka dirishani. Baada ya kifo kile wataalamu wa afya wa serikali walielekeza watoto wakimbizi wapimwe damu wanapofika, na wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Kile kipimo cha pili huangukia baada ya siku tisini. Mkumbushe mama yake.

Kuhusu kazi nitasema machache, kwa kuwa kazi hupatikana. Viwanda vya nyama, maghala, mahoteli na madobi huajiri wageni haraka, na Mkongo aliyengoja kazi miaka ishirini haogopi zamu ya usiku. Kinachomwangusha ni usafiri. Basi la mwisho limeondoka saa tano na zamu inaisha saa saba. Hivyo atamtegemea mwenye gari anayetoza kwa wiki, na mwenye gari akiugua, watu wanne wanafukuzwa kazi siku moja. Masaa ishirini ya kumfundisha mtu kuendesha, katika uwanja wa maegesho wa kanisa siku ya Jumamosi, yana thamani kuliko makochi matatu ya msaada.

Kuna msaada mwingine ambao nimeuona ukifanya kazi kwa namna isiyoandikwa katika mkataba wowote: ardhi. Wazee waliolima tangu utoto, wakiwekwa ghorofani mbele ya televisheni, huzimika. San Diego, katika mtaa wa City Heights, lilifunguliwa mwaka 2009 shamba la pamoja liitwalo New Roots kwa ajili ya wakimbizi, na mwaka uliofuata Michelle Obama alilitembelea. Miongoni mwa wakulima wake walikuwamo Wabantu wa Somalia, watu ambao baadhi yao ni uzao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Handeni katika karne ya 19 na bado wanasema Kizigua. Wamarekani wengi waliwaita Wasomali na kuishia hapo. Mtanga akiwasikia angeshtuka. Leo miji mingi ina vipande vya ardhi vya namna hiyo, vyenye lengalenga (mchicha) na maharage yanayopanda miti, na orodha ya kuomba kipande hufungwa mapema masika. Ulizia wakati wa baridi.

Hayo yote yanadai muda mrefu kuliko miezi mitatu, na kuna nchi iliyolijua hilo zamani. Tangu 1979, Kanada imewaruhusu raia wake kujikusanya, kuchanga na kuidhamini familia ya wakimbizi kwa mwaka mzima. Kundi liliweza kuwa la watu watano tu. Zaidi ya watu 300,000 wameingia Kanada kwa njia hiyo, kuanzia wale wa Vietnam, Laos na Kambodia. Marekani ilianza mpango unaofanana nao Januari 2023, ukiitwa Welcome Corps, na Wakongo waliokuwa wameshapata uraia walijitokeza kuwadhamini ndugu zao waliobaki kambini.

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mapokezi ya wakimbizi. Watu waliokuwa wameshauza sufuria zao kambini wakafutiwa tiketi. Siku chache baadaye mashirika yaliamriwa kusimamisha kazi hata kwa familia zilizokuwa zimeshafika, zilizo katikati ya siku zao tisini, kodi ya mwezi ujao haijalipwa. Wafanyakazi wengi wa mashirika hayo walipunguzwa. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 idadi ya juu ya wakimbizi imewekwa 7,500, nafasi nyingi zikiwa za Makaburu wa Afrika Kusini. Na sheria iliyosainiwa Julai 2025 imewaondoa wakimbizi wasio na kadi ya kijani katika msaada wa chakula wa serikali.

Kwa hiyo familia zilizotua mwisho, Desemba 2024 na Januari 2025, zilibebwa na makanisa na majirani. Nilishuhudia kwaya za Kikongo zikichanga kodi. Upatu, ambao wao huuita likelemba, uliruka zamu ili mgeni asiyeweka hata senti apokee kwanza. Wanawake waliofika 2016 walikuwa wakizunguka na magari yao asubuhi kuwapeleka wageni kliniki, na jioni wakienda zamu. Walifanya kazi ya ofisi bila ofisi, na waliifanya vizuri kwa kuwa kila mmoja wao alikumbuka bahasha zake mwenyewe. Kama uko karibu na jumuiya ya namna hiyo, usianzishe chama chako. Nenda kwao uulize wamepungukiwa nini. Mara nyingi watakujibu: mtu wa kusoma barua.

Nao wanaojitolea hivyo wanahitaji kufunga midomo. Jumuiya ya Wakongo katika mji wa Marekani ni ndogo, na wanaosali pamoja ndio wanaofanya kazi pamoja. Ukisoma barua ya hospitali ya mama fulani, habari zake ziishie mezani. Nimejua wagonjwa waliokataa mkalimani wa kabila lao, wakachagua sauti ya simu isiyowajua, kwa sababu mara moja tu jambo lao lilisikika kwenye harusi.

Nimalizie na wazee, wanaosahaulika kuliko wote. Mkimbizi mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au mlemavu, asiye na kipato, hupata posho ya serikali kuu iitwayo SSI. Lakini kwa mkimbizi posho hiyo ina kikomo cha miaka saba. Akiwa hajapata uraia ndani ya muda huo, hukatwa, hata awe na miaka tisini. Uraia unaombwa baada ya miaka mitano, na kwa mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyofika, kwani kadi yake ya kijani hurudishwa nyuma hadi tarehe ile. Usaili ni wa Kiingereza, isipokuwa kwa wachache wanaosamehewa, kama wenye ugonjwa unaothibitishwa na daktari. Chukua bibi aliyetua Desemba 2024, asiyejua kusoma kwa lugha yoyote. Ombi lake la kadi ya kijani lilipaswa kutumwa kuanzia Desemba 2025. Anaweza kuomba uraia Desemba 2029. SSI, akiwa alianza kuipokea mara alipofika, itakwisha mwishoni mwa 2031. Tangu kufika kwake hadi siku ya kuomba uraia kuna miaka mitano ya kujifunza kushika kalamu, kuandika jina, kusoma sentensi moja ya Kiingereza na kujibu maswali kuhusu Bunge na Rais. Kwa bibi wa miaka sabini muda uliobaki unatosha akianza sasa, mara mbili kwa wiki, na mtu wa kumpeleka darasani na kumrudisha.